Utukufu Unaochezwa

Hapa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika Misa ya Kikatoliki ya utaratibu wetu, wimbo wa Utukufu hauimbwi tu bali huchezwa: ngoma zinapolia, padri na watumishi wa altare huizunguka altare kwa hatua za pamoja, huku waamini wakipiga makofi na akina mama wakipiga vigelegele, hata anayepita barabarani ajue kwamba ndani mna sherehe. Si fujo. Utaratibu huo uliidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo, na ndani yake toba huja baada ya mahubiri, ili watu waombe msamaha wakiwa wamekwisha kulisikia Neno. Ndugu zetu Waprotestanti nao wana kwaya zinazoinua ibada nzima, ingawa magitaa yao, kwa maoni yangu, hupigwa kwa nguvu kupita kiasi.

Wapo wanaosema kwamba kucheza kunaondoa heshima ya nyumba ya Mungu. Sikubaliani nao, kwani Zaburi ya 150 inataja matari na kucheza pamoja na kinubi. Tena aliyefiwa hivi karibuni, akishikwa mkono katika safu ya wanaocheza, huweza kumsifu Mungu pamoja na wenzake hata kama bado hana nguvu ya kuimba.