Kumbukumbu ya mradi: kushuka chini ya uniti 75

Februari 2024, wiki ya kwanza

Mradi huu umezaliwa na ugomvi wa Luku, umeme wa kununua kabla ya kutumia. Jumapili baba watoto alinipa elfu kumi ninunue umeme, zikaingia uniti 23 na ushee. Akaniangalia kwa jicho lile la "nyingine iko wapi?" Nikamfungulia meseji asome mwenyewe: ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa kwanza 1,500 ya kodi ya jengo, kinachobaki ndicho kinanunua umeme, na kwetu uniti moja pamoja na kodi zake ni kama shilingi 356. Akasoma, akanyamaza. Jumamosi mita ikaanza kulia, tukanyamaza sote.

Na si umeme peke yake. Sukari imepita 4,000 kwa kilo, mkaa umelowa mvua, na gunia la 30,000 halifikishi wiki tatu. Tuko sita nyumbani hapa Mwanga, Kigoma mjini: sisi wawili, watoto watatu na mama mkwe.

Jioni hiyo kikao kikakaa, na kila mtu alikuja na mshtakiwa wake. Baba watoto alishtaki pasi yangu. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani ni ya miguu, lakini pasi ni ya umeme. Mimi nikashtaki televisheni na mpira wake. Mama mkwe akashtaki friji, kwa sababu maji ya baridi yanawapa wajukuu kikohozi. Kijana wetu mkubwa, yuko kidato cha pili, akasema, "Si tupime tu?" Nikampa daftari la vipimo vya wateja ambalo lilikuwa nusu tupu.

Februari, wiki ya pili

Mita yetu imeandikwa 1000 imp/kWh. Kwa miaka yote niliyoishi nayo sikuwahi kusoma maandishi hayo. Kijana kaelewa kwa siku moja: ile taa nyekundu ikimeta mara elfu, uniti moja imekwenda. Kwa hiyo unazima kila kitu, unawasha kimoja, unahesabu huku simu ikikupimia dakika.

Pasi: mara 17 kwa dakika. Baba watoto alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kijana akaendelea kuhesabu, na pasi ikishapata moto inajizima yenyewe, inawaka tena, inajizima. Kwa nusu saa yangu ya kila siku inakula chini ya nusu uniti. Televisheni: mara nne kwa dakika tatu, si kitu cha kugombania, ila inawaka saa tano kila siku hata kama hakuna anayeitazama. Friji: mara tano kwa dakika mbili, na tatizo lake ni kwamba halipumziki.

Usiku wa tatu tukazima vyote, tukachomoa na friji. Taa nyekundu ikaendelea kumeta. Mara tano kwa dakika tatu. Tukatazamana. Baba watoto akatoka na tochi kutafuta waya wa mwizi, akazunguka nyumba nzima, akarudi akiwa amekunja uso.

"Ni taa ya choo," akasema.

Ile taa ya nje upande wa choo, globu ya zamani ya wati 100, swichi yake iko chumbani kwa mama mkwe. Anaiwasha magharibi, anaizima akishaswali alfajiri. Saa kumi na mbili kila usiku ni uniti 1.2, kwa mwezi uniti 36. Yaani shilingi elfu kumi na mbili na ushee kila mwezi, kumulika choo! Na hakuna aliyeitaja kwenye kikao, kwa sababu hakuna aliyeiona kama kitu.

Nani wa kumwambia mama? Baba watoto alisema mimi, mimi nikasema mama ni wako. Mwisho tulinunua balbu ya LED ya wati 7, akaifunga mwenyewe mchana bila hotuba. Usiku mama akasema mwanga wa sasa ni mweupe kama wa wodini. Tukasema ndiyo, mama. Imebaki.

Februari, mwishoni

Friji. Kijana alibana karatasi kwenye mlango, akafunga, akavuta. Upande wa juu karatasi inagoma kutoka. Kona ya chini kulia inateleza kama haijabanwa. Raba imekunjamana. Fundi alitaka kubadilisha raba nzima kwa bei ambayo sikuipenda, nikamwambia nitarudi.

Nilichofanya: nimesugua raba kwa maji ya moto na sabuni, kisha pale ilipokunjamana nikaikanda kwa kitambaa kilichotoka kwenye maji yanayochemka mpaka ikalainika. Nikainyoosha kwa vidole, na kona ile nikapitisha chini yake ule uzi mnene ninaoweka kwenye pindo za mito. Uzi unaisukuma raba mbele kidogo, inabusu bati. Nikafunga mlango, nikauegemeza ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi karatasi haikutoka. Kabla ya hapo friji lilikuwa linanguruma dakika 40 katika kila saa; sasa ni 26, 27. Hiyo ndiyo kazi niliyoifurahia kuliko zote, na haikugharimu hata mia.

Hesabu ya mwezi, kwa kukadiria siku tulizokosa: 112.

Machi: kapu

Mwezi huu umekuwa wa mkaa, na umekuwa wa Ramadhani, kwa hiyo jiko halina likizo.

Maharage ndiyo mlaji mkuu. Ukiyaweka makavu jikoni asubuhi, mchana bado yanakuambia subiri. Kulowanisha tunajua, wengi tunasahau. Sasa ni kazi ya binti wa katikati, anayaloweka kabla ya kwenda shule. Jipya ni kapu. Nimechukua tenga kubwa, nikaweka sponji la godoro lililokatika, juu yake mabaki ya vitambaa yaliyojaa kibandani kwangu tangu mwaka juzi, nikashonea foronya ndani ili yasimwagike. Nikashona na mto mnene wa kufunikia. Maharage yanachemka vizuri kwenye mkaa robo saa, sufuria inafunikwa, inaingia kapuni, inafunikwa na mto. Joto lake lenyewe linamalizia kazi. Ile robo saa haikwepeki: maharage mabichi yana sumu, hasa mekundu, na joto la vuguvugu haliiui. Lazima yachemke kwelikweli kwanza.

Mara ya kwanza ilikuwa aibu. Nilifungua baada ya saa nne mbele ya wageni wa futari. Maji yamepoa, maharage magumu kama mbegu. Kumbe mtoto wa mwisho alikuwa amefunua mara tatu "kuangalia kama yanapumua". Nami nilikuwa nimetia sufuria nusu. Sufuria nusu haitunzi moto. Ijaze, au tumia ndogo.

Mara ya tatu likakubali. Tukaanza kuchemsha maharage kabla ya tarawehe, tunayaweka kapuni, daku tukifunua mvuke unapanda. Tunapasha kidogo na mawese na kitunguu, tunakula. Kabla ya hapo, tangu niolewe, sikuwahi kuamkia daku bila kuanza kupika kwenye mkaa saa tisa za usiku.

Mama mkwe aliligomea kapu. "Sombe haipikwi kwenye nguo," alisema. Nikamwacha. Sombe ndicho kisamvu, nacho kinataka moto mrefu, ni kweli, na yeye anajua kukipika kuliko sote. Siku ya kumi na nane ya mfungo nimerudi kutoka kibandani, nikakuta tenga limefunikwa na harufu ya mawese inatoka humo. Sikusema neno. Yeye naye hakusema.

Lakini mchango wake mkubwa ni ugali. Alituuliza kwa nini tunasonga sembe kila siku kama wageni. Ugali wa muhogo maji yakichemka unaepua, unamwaga unga, unasonga. Hakuna kusubiri uji uive, hakuna kurudisha jikoni dakika ishirini. Ananunua makopa sokoni, anayachagua kwa kuyavunja na kunusa, maana muhogo mchungu usiovundikwa siku za kutosha ni hatari. Sasa siku nne kwa wiki ni muhogo. Watoto walinung'unika wiki moja.

Gunia la mkaa: wiki tano na siku mbili. Umeme wa Machi: 79.

Aprili na Mei: dagaa

Hapa nimekosea, naandika ili mwakani nisikosee.

Serikali imetangaza Ziwa Tanganyika litafungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Ni makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka ziwa. Kila mtu Kigoma anajua bei ya dagaa inafuata mwezi. Wakati wa giza taa za wavuvi zinawavuta dagaa, mwalo wa Kibirizi, wanaposhushia samaki, unajaa na bei inashuka. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawazijali taa, mitumbwi mingi inapumzika, bei inapanda. Idi imeangukia Aprili 10, giza lilikuwa siku zilezile. Nilikwenda Kibirizi baada ya sikukuu, nikanunua kilo tatu za chanjani, yaani zilizokaushwa juu ya chanja, bei nzuri, nikajiambia nitamalizia giza la Mei, ambalo ndilo la mwisho kabla ya kufungwa.

Wote Kigoma walijiambia hivyohivyo. Wiki ya kwanza ya Mei mwalo ulijaa wanunuzi kuliko dagaa, wengine na malori, na bei ya giza ikawa bei ya mbalamwezi. Nikanunua kilo mbili tu, tena za mchangani kwa sababu ndizo nilizoziweza. Dagaa waliokaushwa mchangani unapimiwa na mchanga wenyewe; nilipochekecha nyumbani nilipata karibu robo kikombe, na bado mchuzi ulikuwa unasaga meno.

Kosa la pili: niliweka zile tatu za Aprili kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga kwa fundo. Mvua za mwisho, nyumba ina unyevu, mfuko ukatoa jasho kwa ndani. Wiki ya pili ya Mei nikafungua, harufu ikanipiga. Karibu nusu kilo ina ukungu, nikaitupa. Nilitaka kuikaanga ile yenye madoa machache, mama mkwe akaninyang'anya ungo. Waliobaki tumewaanika juu ya bati siku mbili, juu ya wavu, binti akilinda kunguru kwa fimbo na daftari lake la hesabu. Sasa wamo kwenye kopo la bati, karatasi chini na juu.

Juni

Wifi yangu wa Dar amepiga. Amenunua presha kuka ya umeme, anapika maharage kwa chini ya nusu uniti, anasema nitupe tenga. Anazo sababu zake, na hata mkakati wa Serikali uliozinduliwa Mei unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mimi sibishi. Moshi siupendi. Nimemwambia subiri kwanza, kuna mstari ninaouvizia.

Mstari wenyewe ni huu. Mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, bei yake ya msingi ni shilingi 100 kwa uniti. Sisi tuko kundi la shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi. Uniti 70 zilezile zinazotugharimu kama 25,000 zingekuwa 8,500 na kidogo. Ukivuka 75, kila uniti ya juu ni 350 kabla ya kodi, kwa hiyo ni mstari wa kukaa chini yake kwa heshima. Kijana ameuchora kwa kalamu nyekundu kwenye daftari: Aprili 74, Mei 72, Juni 69. Baba watoto siku hizi anazima televisheni mwenyewe mpira ukiisha, hata matangazo ya baada ya mechi hasubiri. Akifungwa anazima mapema zaidi.

Julai, Jumanne

Nimepeleka barua ofisi ya umeme kuomba tuhamishiwe kundi la matumizi madogo. Nilikwenda na kijana. Karani akauliza kwa miezi mitatu matumizi ni ngapi. Kabla sijafungua mkoba, kijana alikuwa ameshalaza daftari mezani, ukurasa wenye mstari mwekundu. Karani akageuza kurasa za nyuma, akakuta kifua 36, kiuno 30, mikono nusu, akacheka, akarudi mbele. Akagonga muhuri nakala yetu. Tusubiri.

Dagaa wamebaki kopo robo tatu, na ziwa lina wiki nne kufunguliwa. Jana usiku nimetoka kwenda chooni nikakuta taa haijawashwa. Mama mkwe amejinunulia tochi.