Siku moja maishani mwangu: kujifunzia nyumbani Igombe, Mwanza, bila kengele

Saa 12:30 asubuhi. Watoto ni wa miaka minne na sita, na hilo ni muhimu: Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 inataka mtoto akifika miaka saba aandikishwe darasa la kwanza. Utaratibu huu ni wa kabla ya hapo. Mtoto anachagua la kufanya, mzazi anahakikisha maeneo ya mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 yanaguswa: kuhusiana, kuwasiliana, afya, mazingira, sanaa na hesabu. Ukikaa kando ya Ziwa Victoria, karibu yote yanajileta. Kinachogoma ni herufi.

Saa 1. Uji. Mkubwa anapima unga nusu kikombe na maji vikombe vinne. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi. Ukitupwa mkavu kwenye maji yanayochemka, nje unaiva haraka na kufungia unga mbichi ndani, na hayo ndiyo madonge. Mtoto akiona mara moja haulizi tena.

Saa 2. Silabi, dakika 15, na hapa hatumsubiri mtoto apende mwenyewe. Herufi hutajwa kwa sauti, si kwa jina: m ni "mmm". Irabu tano kwanza, kisha m, k, t, l, b, kila moja na irabu zake: ma, me, mi, mo, mu. Kadi zinakatwa kwenye boksi la sabuni, sentimita 6 kwa 6, silabi moja kila kadi, halafu mtoto anapanga ku-ku, ka-ka, ka-ma-ta. Silabi tano mpya kwa wiki zinatosha. Ng', dh na gh ziachwe mwishoni.

Yanayoharibika hapa yanajulikana. Mtoto aliyelelewa na katuni za Kiingereza ataita e "i", na meza itakuwa "miza". Neno kama mtoto litasomwa "mutoto", kwa sababu amezoea m yenye irabu. Pigeni makofi matatu, m-to-to, asikie kwamba m inajitegemea. Kwenye nyumba za Kisukuma l na r hubadilishana, hivyo kalamu na karamu zichorwe picha mbili na zitamkwe zikifuatana. Kugeuza b na d ni kawaida kwa umri huu, usitoe kalamu nyekundu. Mwaga mchanga mkavu kwenye sinia, kina cha sentimita moja, aandike kwa kidole: b inaanza na fimbo, d inaanza na tumbo. Acheni angali anataka kuendelea.

Saa 3. Kwenye vichanja vya dagaa. Hesabu ya wiki nzima iko hapa. Sado moja ni lita 4, debe ni lita 20: mtoto akisie kwanza zitaingia sado ngapi, ndipo ahesabu. Ajaribu pia kopo lenye kilele na kopo lililosawazishwa, ataelewa kwa nini wanunuzi wanagombana. Mpe shilingi 1,000 kwa sarafu za 100, 200 na 500 alipe mwenyewe. Mdogo atashikilia kwamba sarafu tatu za 100 ni nyingi kuliko mbili za 200, maana anahesabu vipande, si thamani. Usibishane naye, badilisha kila ya 200 kwa mbili za 100 mbele yake.

Mazingira nayo yapo. Dagaa wa kwenye kichanja hupitiwa na hewa chini, wa kwenye mchanga hubaki na changarawe. Na mbona mitumbwi mingi haitoki mbalamwezi? Taa hazivuti dagaa vizuri mwezi uking'aa. Mkubwa anachora mwezi kila usiku kwenye visanduku 30, na kufikia cha 30 umbo lile limerudi.

Saa 5. Kurudi nyumbani, wala si kuogelea. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi, hasa jua likiwa kali. Majaribio ya kuelea na kuzama tunafanyia beseni la maji ya bomba: jiwe, kizibo, ganda la yai. Kampeni za dawa za kichocho na minyoo hupitia zaidi shuleni, kwa hiyo mzazi wa mtoto aliye nyumbani aulize mwenyewe zahanati.

Saa 7. Ugali, usingizi.

Saa 9. Udongo wa mfinyanzi, na mzazi anafanya kazi zake. Kosa kubwa ni kugeuza kila kitu kuwa mtihani: "Hii rangi gani? Umefinyanga ngapi?" Mtoto anaondoka, na ana haki.

Saa 11. Wenzao wametoka shule. Mpira, ugomvi, shikamoo kwa bibi wa jirani, ambaye asubuhi hupewa mwangaluka, salamu ya Kisukuma. Kuhusiana kumekamilika bila somo.

Saa 2 usiku. Daftari la mistari, safu tatu: alichofanya, eneo la mtaala, kilichokwama. Mfano: "Alilipa 700 kwa 500 na 200, hesabu, chenji bado." Safu ya tatu ndiyo inayopanga kesho. Safu ikikaa tupu wiki nzima, mzazi haangalii. Ndani ya jalada kuna kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, ambacho kikichelewa huleta usumbufu wakati wa kuandikisha darasa la kwanza; mkubwa anaanza Januari.