Siku yangu katika chumba kisicho na mwangwi

Saa 1:30 asubuhi, Munich. Nafungua maabara, nawasha mitambo, naiacha ipate joto. Nyumbani Tanga wanajua mimi ni fundi wa antena, hivyo napigiwa simu za ving'amuzi. Antena zangu ni za kulinda GPS, mfumo wa setilaiti unaoonyesha ulipo, isivurugwe.

Saa 3:00 nafunga bamba lenye antena 4 juu ya meza inayozunguka. Kuta zote zimevikwa sponji zilizochongoka, zinameza mawimbi. Kuvuruga GPS hadharani ni kosa kisheria, kwa hiyo tunajifungia humu na mtambo wa kuigiza setilaiti.

Saa 4:15 mteja anaingia. Kabla hajaketi: kwa nini tusiweke kichujio cha mawimbi cha bei nafuu? Swali hili hunichosha, lakini namjibu. Setilaiti iko kilomita 20,000 na ushee juu. Ishara yake ikitufikia imefifia kuliko kelele za kipokezi chenyewe. Dereva akichomeka kidude cha kuvuruga ili bosi asijue aliko, kila kitu kinafunikwa. Mwaka 2013 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilitaka kumtoza dereva mmoja dola 31,875, kidude chake kilivuruga mitambo ya uwanja wa ndege wa Newark. Kichujio kitafanya nini, na mvurugaji yuko kwenye megahezi zilezile za GPS, 1,575.42? Tofauti yake ni upande anakotokea. Wimbi lake linazifikia antena 4 kwa kupishana kidogo. Kompyuta inapima huko kupishana, inazichanganya ishara hadi kelele ya upande ule ijifute. Antena 4 zinaziba pande 3 kwa mpigo.

"Nionyeshe," anasema.

Nawasha. Setilaiti zote zinapotea.

Narudia. Zinapotea tena. Nabadilisha programu, napima fezi (huko kupishana kwa mawimbi), nabadilisha waya, natoka, naingia. Chakula cha mchana nakikosa. Mteja anatazama saa, anaaga. Urefu wa wimbi ni sentimita 19 tu. Milimita chache zikipotea njiani, hesabu yote imeharibika. Jioni, kwa tochi mdomoni, nakigusa kiunganishi cha waya wa tatu: kinacheza.  Nakikaza kwa spana ya kipimo mpaka ilie *tak*.

Nje kiza. Nawasha mvurugaji: setilaiti 7 zinabaki, hazipotei. Naizungusha meza taratibu, na uziwi wa antena unamfuata mvurugaji nyuzi kwa nyuzi. Narekodi yote, namtumia mteja.