Siku yangu ndani ya kisanduku cha upepo, Ngong

Mimi ni fundi wa mitambo ya upepo, ile inayozalisha umeme. Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Chai, matatu, karatasi za usalama, na saa mbili nimeshajifunga mkanda wa kupandia kwenye vilima vya Ngong. Mwenzangu, ambaye sote tunamwita Mzee, anaangalia upepo kwanza. Ukizidi, hatupandi.

Saa tatu tumezima mtambo na kutia kufuli. Saa nne ni ngazi: chuma kitupu, wima, zaidi ya mita 40. Lifti hakuna. Mikono hulalamika kabla ya miguu.

Ukiwa chini, kile kisanduku nyuma ya mapanga unakiona kama kiberiti. Ndani mna shafti kuu, giaboksi, diski ya breki, jenereta na pampu ya haidroli, yaani ya mafuta yenye presha. Nafasi inayobaki ni yangu kuinama. Mapanga yenyewe huzunguka kama mara 26 tu kwa dakika. Giaboksi ndiyo inayoupandisha mwendo huo kupita mizunguko 1,500, jenereta ipate kutoa umeme. Na leo giaboksi imelowa mafuta.

Nikafuta. Nikamulika tochi, nikangoja tone. Kavu. Nikageuka kuchukua spana, kurudi nakuta tone. Nikafuta tena, nikalala chali, shingo imekwama kwenye bomba, mnara unayumba taratibu kama mtumbwi.

"Mzee, hii sili ya giaboksi, mpira wa kuzuia mafuta, imekufa."

"Punguza haraka, kijana. Mafuta hushuka, hayapandi. Tazama juu."

Juu kulikuwa na nati ya paipu ya haidroli, ile inayopeleka mafuta ya kubadili pembe ya mapanga. Imelegea. Saa nzima nimeipangusa giaboksi isiyo na kosa! Tukatoa presha, tukakaza, tukarudisha presha, tukangoja. Kisha kusugua sakafu yote, maana mafuta na buti havipatani. Chapati niliila huko huko, ina ladha ya grisi. Saa ngapi, sijui.

Tuliposhuka jua limeinama, magoti yanatetemeka. Baba mmoja aliyekuja kutembea na familia ananingoja.

"Kijana, mbona mlizima? Na hizi feni zinakula stima ngapi?"

"Hazili, baba. Zinatoa. Hii moja, upepo ukishiba, kilowati 850."

Akatazama juu, akanitazama mimi, akaomba helmeti yangu apige picha. Nikampa. Ilikuwa bado inachuruzika jasho.