Siku moja maishani mwangu: daktari wa wodi ya mifupa

Saa 1:30 asubuhi napokea ripoti. Usiku ameletwa bibi wa miaka 78 aliyeteleza bafuni juzi. Nyumbani walimchua kwa mafuta ya moto wakidhani ameteguka, mpaka waliposhindwa hata kumgeuza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Usiuguse."

Siugusi kwanza, natazama. Mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umelalia nje. Mzee akianguka, asiweze kusimama, na mguu uko hivyo, namhesabu kuwa amevunjika nyonga hadi picha ikanushe. Namwomba achezeshe vidole, napapasa mapigo ya damu kifundoni. Namuuliza pia kama aliteleza kweli au kizunguzungu ndicho kilichomwangusha, maana huenda kuna ugonjwa wa moyo nyuma ya anguko. Kisha nampiga sindano ya ganzi kinenani, ndipo aende eksirei. Mgonjwa wa nyonga asibebwe huku na huku akiwa na maumivu yale.

Saa 4 picha imetoka: shingo ya fupa la paja imekatika na vipande vimeachana. Mishipa inayolisha kichwa cha mfupa hupita hapo hapo, kwa hiyo hata tukikaza skrubu kichwa kinaweza kufa. Kwa umri wake tutaweka cha chuma.

Mwanawe ananivuta pembeni. "Daktari, kwa umri huu si tumpumzishe tu nyumbani?"

Naulizwa hivi mara nyingi, na kila mara moyo unaniuma. Kulala ndiko kunakowamaliza wazee hawa: vidonda vya mgongo, nimonia, damu kuganda miguuni. Upasuaji nao una hatari, simfichi, lakini ndio utakaomkalisha na kumsimamisha. Inatakiwa ufanyike ndani ya siku mbili, na siku hizo bibi amezimalizia nyumbani. Kijana ananyamaza, kisha anauliza damu inachangiwa wapi. Nampangia mama yake awe wa kwanza kesho.

Saa 5 kliniki ya mgongo imejaa. Dereva wa bodaboda ana maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu. Nikiuinua mguu ukiwa umenyooka, anaruka. Mkojo unatoka vizuri, makalio na sehemu za siri hazina ganzi, nguvu ipo. Nampa dawa na mazoezi, namkataza kulala siku nzima. Anataka picha, namweleza kwamba leo haitabadilisha tiba, na wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache.

Anayenitia wasiwasi ni mama mmoja kijana. Mgongo umemuuma kwa miezi, jioni hupata homa, amekonda, na katikati ya mgongo pametokeza kinundu. Kifua kikuu hushika hata pingili za mgongo. Huyu picha ni leo leo, pamoja na vipimo vya kifua kikuu, ambacho dawa zake hutolewa bure. Namsisitiza: miguu ikianza kulegea, asisubiri tarehe ya kliniki.

Saa 9 alasiri mtaalamu wa fiziotherapia anamsimamisha mzee tuliyemfanyia upasuaji wa nyonga jana. Anashika fremu, anatembea hadi mlangoni, anaomba kiti. Namwita binti yake tuzungumze. Mfupa uliovunjika kwa kuanguka tu kutoka kimo cha kusimama ni mfupa dhaifu, na nyonga ya pili nayo iko hatarini. Namwandikia dawa za mifupa, na binti naye anaandika: mpini wa kushikia chooni, taa ya usiku, ndala zinazoteleza zitupwe.