Dola 150, mashine ya ofisi, na hesabu iliyoanzia ukutani

Mchana mashine yangu ni ya kazi. Imekaa mezani karibu na dirisha, hapa Katuba, Lubumbashi, na wanafunzi wa chuo kikuu huniletea maandishi yao niwachapie kazi za kumaliza masomo: kurasa 60, kurasa 80, pamoja na majedwali ambayo hubadilishwa mara tatu kabla ya siku ya kutetea. Usiku, mteja wa mwisho akishaondoka, nilitamani mashine hiyohiyo inipe mchezo wa saa moja au mbili. Kwa miaka miwili ilikataa. Mchezo ulifunguka, picha ikatembea kama mtu aliyebeba gunia la makala (makaa) mgongoni, kisha ikaganda kabisa pale tu polisi walipoanza kunifukuza.

Ni Dell OptiPlex 7010 ya umbo la mnara, mojawapo ya kompyuta ambazo ofisi za Ulaya na Marekani hununua kwa wingi, huzitumia miaka michache, kisha huziuza kwa jumla, nazo hutufikia Lubumbashi zikiwa zimeshapita mikono mingi. Ndani yake mna prosesa ya Core i5-3470, ya mwaka 2012, yenye viini 4. RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya gigabaiti 4 katika kipande kimoja. Na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Kadi ya michoro haikuwamo, hivyo picha zote zilitegemea kile kisehemu kidogo cha michoro kilichofichwa ndani ya prosesa. Nilikuwa nimeweka kando dola 150, nikajiapiza kwamba sitaongeza hata moja.

Kabla ya kununua chochote nilisoma mahitaji ya mchezo niliokuwa nao akilini, yaani GTA V (Grand Theft Auto V), uliotoka kwa upande wa kompyuta mwaka 2015. Watengenezaji wanapendekeza RAM ya gigabaiti 8, kadi ya michoro ya GTX 660 yenye gigabaiti 2, na prosesa ya Core i5-3470. Hapo nilicheka peke yangu, maana ilikuwa ni hii yangu, tarakimu kwa tarakimu. Marafiki walioniambia nitupe kila kitu nianze upya walikuwa wakinishauri kutupa kifaa kilekile ambacho wenye mchezo wenyewe wanakitaja kwa jina.

Hata hivyo fedha ya kwanza niliitumia ukutani, na kwa ajili hiyo vijana wa mtaa wananiona mzee. Jioni moja, saa ambayo kila nyumba imewasha resho, jiko la umeme, ili kusonga bukari (ugali), nilichukua kipima umeme cha jirani nikapima soketi yangu: volti 168, mahali panapotakiwa kuwa na 220. Pawasaplai ya kompyuta, kile kisanduku kinachoigawia umeme, hujitahidi kutoa nguvu ileile hata volti zikishuka, na njia pekee iliyo nayo ni kuvuta ampea nyingi zaidi, ndiyo maana huchemka jioni ilhali mchana ilikuwa baridi. Hatari kubwa zaidi huja umeme unaporudi baada ya kukatika. Mashine niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikufa kwa namna hiyo: umeme ulirudi saa 9 usiku, taa iking'aa kupita kawaida, ukasikika mlio mmoja mfupi, na asubuhi chumba kizima kilinuka plastiki iliyoungua. Mwanafunzi mmoja alikuwa anatetea wiki ileile. Sipendi kuieleza siku hiyo.

Kwa hiyo dola 30 za kwanza zilikwenda kwenye stabilizateri, kifaa cha kutuliza volti. Nilichagua ile inayosubiri dakika 3 baada ya umeme kurudi kabla ya kuupitisha, kwa sababu dakika za mwanzo ndizo zenye vurugu, friji za mtaa mzima zikiamka kwa pamoja. Ukikaa karibu nayo jioni utaisikia ikilia tak, tak, kila volti zinapopanda na kushuka, na sindano yake ya 220 inacheza kidogo kisha inatulia. Dola 30 ni moja ya tano ya bajeti yangu yote na hazikuniongezea hata picha moja kwa sekunde, lakini sioni maana ya kuweka kadi ya dola 70 juu ya waya ambao umeshaniulia mashine moja.

Kazi iliyofuata iligharimu dola 4 tu, na kama ningelazimika kuchagua moja kati ya zote ningechagua hii. Anayeishi hapa anajua vumbi letu jekundu, jinsi kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa linavyoingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Nilipofungua mnara, bati la kupozea prosesa halikuonekana. Palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la rangi ya tofali kilichokamatwa kati ya feni na vibati vyake, nami nikakivua kizima kwa vidole. Mabaki niliyatoa kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli. Fundi wa matairi alijitolea kunipulizia kwa mashine yake ya upepo, nikamshukuru nikakataa, kwa kuwa upepo ule hutoka na matone ya maji. Wakati wa kupuliza, feni niliishika kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa kasi isiyo yake inaweza kuharibika.

Chini ya bati, ule mchanganyiko unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa ulikuwa umekauka kuwa unga mweupe kama chokaa ya ukuta. Niliufuta kwa kitambaa chenye alkoholi, nikaweka mpya, tone dogo kuliko punje ya mahindi, nikarudisha bati na kukaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Kabla ya hapo prosesa ilikuwa ikifika nyuzi 94 ndani ya dakika 10 za mchezo, na prosesa ikikaribia kikomo chake hujipunguzia kasi ili isiungue. Baada ya hapo haikupita nyuzi 66. Katika dola hizo 4 ilikuwamo pia betri ndogo ya CR2032, kwa sababu saa ya mashine ilikuwa ikisahau tarehe kila umeme ulipokatika.

Kwenye RAM kuna mtego ambao umewanasa watu wengi ninaowafahamu. Mashine hii inatumia RAM ya kizazi cha DDR3, na sokoni vipande vya DDR3 vya gigabaiti 8 au hata 16 vinauzwa kwa bei ya kushangaza, wakati mwingine chini ya vile vya gigabaiti 4. Ukisoma karatasi iliyobandikwa utaona PC3-12800R. Ile R ya mwisho inasema kipande kilitoka kwenye seva, nacho hakitafanya kazi katika kompyuta ya ofisi hata ukikibembeleza. Inayotakiwa ni U. Nilinunua vipande viwili vya gigabaiti 4 vya aina moja, dola 16, nikavichomeka katika nafasi za jozi moja ili prosesa ivisome kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kile cha zamani nilimpa mdogo wangu.

Sasa kadi. Pawasaplai ya mashine hii ni ya wati 275 na haina ule waya wa pini 6 unaolisha kadi kubwa, kwa hiyo kadi inabidi iishi kwa umeme wa nafasi inapochomekwa, ambao kikomo chake ni wati 75. Kuna adapta za kugeuza waya wa diski kuwa pini 6, na wauzaji watakupa hata bila kuulizwa. Mimi sikuitaka, maana waya unabadilika umbo lakini wati zinabaki zilezile 275. Ndani ya mpaka huo zinabaki kadi chache: GTX 750 Ti ya mwaka 2014, GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, na GTX 1650 ya mwaka 2019, ingawa baadhi ya GTX 1650 zimetengenezwa na nafasi ya pini 6, kwa hiyo itazame kwa macho yako kabla ya kulipa. GTX 1650 ndiyo bora kati ya hizo, lakini bei niliyoambiwa ilimeza karibu bajeti yote. Nikaamua 1050 Ti, nikijua kwamba NVIDIA, kampuni yenye kadi hizi, ilifunga ukurasa wa madereva mapya ya michezo (programu zinazoendesha kadi) kwa kizazi hicho mnamo Oktoba 2025. Kwa michezo ya 2015 hilo halinikoseshi usingizi.

Katika duka la kwanza katikati ya mji kijana alinionyesha 1050 Ti ndani ya sanduku jipya linalong'aa, dola 55. Nyuma yake ilikuwa na tundu la bluu la VGA, nami nikafurahi, kwa sababu skrini yangu ni ile ya zamani ya mraba, ya nukta 1280 kwa 1024, isiyo na tundu jingine lolote. Niliomba tuichomeke kwenye kompyuta yake ya majaribio.

— Yaya, hii ni ya kweli, tazama hata sanduku lake.

— Mdogo wangu, sanduku sitalichomeka popote. Washa tuione.

Nilikuwa na GPU-Z kwenye flashi, programu ndogo ya bure inayosoma chipu yenyewe badala ya kuamini jina lililoandikwa kwenye kadi. Iliandika mbele ya jina kwamba kadi ni bandia. Chipu ilikuwa ya GTS 450, ya mwaka 2010, ambayo mtu fulani alikuwa ameiandikia upya jina la dada yake mdogo. Kijana alionekana kushangaa kweli, na nadhani hata yeye alikuwa ameuziwa hivyohivyo.

Kadi yangu niliipata katika duka jingine, iliyotumika, bila sanduku, ina mikwaruzo, dola 70. GPU-Z haikuwa na la kusema. Ilibaki kulipa, na noti yangu ya dola 20 ilikuwa na mchaniko wa milimita mbili pembeni, jambo ambalo kwetu linatosha kuifanya isipokelewe, ikabidi nitoke hadi kwa wabadilishaji fedha waliokaa barabarani na mabunda yao ya faranga, nao wakanikata dola moja, ambayo niliilipa kutoka kwenye nauli yangu na kurudi kwa miguu.

Nyumbani niliichomeka kadi, nikageuza mnara ili niunganishe skrini, na hapo nikasimama na waya wa VGA mkononi. Kadi haikuwa na tundu la bluu. Ilikuwa na HDMI, DisplayPort na DVI. Nilikuwa na kiunganishi kidogo cha kutoka DVI kwenda VGA, nikajaribu kukisukuma, kikagoma, hadi nilipowasha tochi na kuona kwamba kina pini nne kuzunguka ule ubapa wa pembeni, na kwenye kadi matundu ya pini hizo hayapo. Kizazi hiki cha NVIDIA kiliacha kabisa kutoa picha za analogi, zile ambazo VGA inazitaka. Yaani lile tundu lililonifurahisha dukani ndilo lililokuwa shahidi wa kwanza wa ulaghai, na lilikuwa linanitazama usoni kabla hata ya kuchomeka flashi. Kigeuzi cha HDMI kwenda VGA kilinigharimu dola 5 siku iliyofuata.

Dola 25 zilizosalia zilinunua SSD, diski isiyozunguka, ya gigabaiti 240. Waya wa data niliuchomoa kwenye kile kisomeo cha DVD ambacho hakuna mteja aliyekigusa tangu niinunue mashine. SSD haiongezi picha kwa sekunde, ila mchezo uliokuwa ukichukua muda wa kuchemsha chai kabla ya kufunguka sasa unafunguka nikiwa bado navuta kiti. GTA V hula gigabaiti nyingi, na kwa bei tunayolipia megabaiti hapa, kuishusha kwa intaneti ni kujitafutia umaskini. Nilikuwa nimeinunua zamani wakati wa punguzo, basi nilikopi folda yake kutoka kwa rafiki mwenye mchezo huohuo, Steam, duka la mtandaoni nilikoununua, ikakagua mafaili na kushusha yale tu yaliyopungua.

Kuhusu mfumo sikuwa na nafasi kubwa ya kuchagua. Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kirasmi haiitambui prosesa ya zamani kama yangu. Windows 10 niliiacha kwenye diski ya zamani, bila intaneti, kwa ajili ya majedwali ya wanafunzi. Kwenye SSD niliweka Linux Mint, mfumo wa bure, na Proton ya Valve, programu inayowezesha michezo ya Windows kwenye Linux, inaendesha mchezo bila kulalamika, mradi nicheze peke yangu, kwani upande wa kucheza mtandaoni hauruhusiwi tena kwenye Linux. Jambo moja dogo: kibodi zetu zimepangwa Kifaransa, kwa hiyo michezo inayotaka W, A, S na D nimeihamishia Z, Q, S na D. Mdogo wangu alidhani mashine imeharibika.

Usiku wa kwanza picha zilikaa kati ya 55 na 60 kwa sekunde, nyuzi za prosesa 66, stabilizateri ikilia tak, tak chini ya meza. Polisi walinifukuza kutoka ufukweni hadi milimani na hakuna kilichoganda. Saa 5 kasoro dakika chache umeme ukakatika. Nikachomoa plagi ukutani kwa mazoea, nikakaa gizani na mdogo wangu tukihesabu ni wiki ngapi za kuchapa kurasa zitanunua onduleri, kile kifaa cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika.