Mradi wa bakajani: kamera nimeiweka kando kwanza

Mpango wa awali ulikuwa simu ipige picha ya jani la nyanya, modeli (programu iliyofundishwa kutambua picha) iseme kama ina bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani ya nyanya na viazi. Modeli ipo. Niliifundisha kwa picha za PlantVillage, mkusanyo wa picha 54,306 za majani ya mazao 14, na mezani haikosei sana. Sijajipongeza. Mwaka 2016 mtafiti Mohanty na wenzake walifikia usahihi wa asilimia 99.35 kwa picha hizohizo, ila walipoleta picha zilizopigwa katika mazingira mengine matokeo yakaporomoka hadi kama 31. Zile ni picha za jani mojamoja lililochumwa na kulazwa vizuri. Jani la shambani lina vumbi, kivuli, na wenzake wamelilalia.

Lakini hata ningepata picha nzuri kuliko hizo, tatizo liko palepale. Geuza jani lenye doa asubuhi, umande haujakauka: upande wa chini, kuzunguka doa, kuna utando mweupe mwembamba. Hapo kimelea kinacholeta ugonjwa kimeshazaa spora, yaani vijimbegu vyake, na upepo unazisambaza. Kamera ikipatia, imenipa habari za mgonjwa aliyekwisha kuambukiza wengine. Siku kadhaa kabla ya hapo kimelea kilikuwa kinajitandaza ndani ya jani, na kwa nje jani ni zima kabisa.

Kwa hiyo sasa naivizia hali ya hewa inayoukaribisha ugonjwa, kabla doa halijaonekana. Nimeanza na kigezo cha Hutton, kilichotolewa Uingereza mwaka 2017 kuonya juu ya hatari ya bakajani kwenye viazi: siku 2 mfululizo, joto lisishuke chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na kila siku unyevu wa hewa ufike asilimia 90 kwa saa zisizopungua 6. Kimelea ni kilekile, Phytophthora infestans, ingawa kwa nyanya huenda nikahitaji kukirekebisha.

DHT22, kihisi cha joto na unyevu nilichokuwa nacho, nimeing'oa. Hupoteza usahihi unyevu unapokaribia 100, yaani palepale ninapoihitaji. Mahali pake ipo SHT31, kihisi kingine cha aina hiyo, ndani ya sahani nyeupe za vyungu vya maua zilizopangwa kwa kuachiana nafasi, jua lisiipige. Nimeining'iniza katikati ya majani, si juu ya nguzo, maana humo ndani unyevu hukawia kuondoka.

Kilichobaki ni kihisi cha ulowevu wa jani. Kengele ya kuonya kwamba kigezo kimetimia ikilia, naingia mistarini kukagua kwa macho, na simu nayo itapata kazi yake.